Ndege wa Ng'ambo ya Mto Malaba

Mwalimu Callistus Ikapel wa Kocholia ndiye aliyeanzisha kikundi chetu cha kutazama ndege mwaka 1972. Kila Januari tulikwenda Busibwabo kuwaona korongo wageni mashambani, na mvua za Aprili zilipoanza tulitazama kwera wakisuka viota huko Alupe. Aliyeona ndege mpya ndiye aliyebeba darubini yetu ya pekee katika matembezi yaliyofuata. Kwa miaka mitatu darubini hiyo haikutoka shingoni mwa Callistus.

Kisha akajiunga Apio, muuguzi mwenye macho makali. Darubini ikawa yake, na Callistus akaacha kumsalimia.

Septemba moja, kando ya Mto Malaba, mpakani na Uganda, Apio alinong'ona, "Tazameni kwenye mafunjo, ng'ambo kule." Alisimama ndege mkubwa wa kijivu, mdomo mpana kama kiatu. Callistus alikuwa amemtafuta huyo tangu ujana wake.

"Yuko Uganda," alisema bila kuinua macho. "Hahesabiwi."

"Mwalimu, kwani umemkagua pasipoti?" Owiti, mmoja wa kikundi chetu, alimtania.

Ndege akaruka, akavuka mto, akapita juu ya vichwa vyetu. Callistus aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Shika darubini, mwalimu," Apio alimwambia. "Bado anaonekana."

Hakuipokea. Alistaafu bila kumwona ndege yule, na hakuna aliyemnyima isipokuwa wivu wake mwenyewe. Hadi leo hutuuliza ndege huyo alivyokuwa akiruka. Lakini Apio, aliyemwona vizuri kuliko sisi sote, Callistus hajawahi kumwuliza.