Maombi Marefu Ukweni

Ndugu wasomaji, mnicheke polepole, tako langu la kushoto bado linauma. Daktari wa Mbarara aliniambia nina baridi yabisi, ile ya kuvimbisha viungo, na imeshuka mpaka kwenye nyonga. Nikikaa au nikipiga magoti kidogo tu, nakauka kama gogo. Mchumba wangu Furaha alijua. Baba yake hakujua, na niliona akijua atamnyima mgonjwa binti yake. Kwa hiyo nilimwapia kwamba nalima kambi nzima ya Nakivale kabla ya chai.

Siku ya kujitambulisha kwao, pale Base Camp, humo humo kambini, nilikataa kiti. "Mbele ya mukwe mimi sikai!" Mzee akafurahi mno. "Kijana wa heshima! Basi tupige magoti, utuombee."

Nikaomba kisomi, kama mhitimu wa shule ya usiku. Nikasema amina, nikajaribu kuinuka. Nyonga ikagoma. Nikamrudia Mungu haraka. Nikaombea wakimbizi wote, wanajeshi wa Mbarara na familia zao, wachuuzi wa Kikagate, hata ng'ombe wa Isingiro, mmoja mmoja. Shangazi yake Furaha akatokwa na machozi. "Huyu ni mutumishi kabisa!" Ugali ukapoa. Nikawa nimefika kwa nyuki.

Hapo Furaha akaweka sahani chini.

"Baba, alishamaliza kuomba zamani. Ni nyonga ndiyo inakatala. Mumushike fasi hiyo, mimi nishike huku, tumuinue bwana yangu."