Maneno Yenye Nguvu

Mwanamke anayetuchapia wasifu wa kazi karibu na soko la Chisokone, hapa Kitwe, mji wetu wa migodi, hutafuna karanga huku akifuta maneno yetu. Havumilii neno legelege. Mpishi akisema alipika, yeye huchapa "niliongoza jiko". Mlinzi akisema alikaa getini, humfokea, "Nani ataajiri mtu wa kukaa? Ulilinda!" Vidole vyake hugonga kwa hasira, kana kwamba waajiri wako chini ya vitufe.

Jana alikuja Baba Kasonde, mchimbaji aliyepunguzwa kazi mgodini. Alieleza kwamba mwamba ulipoporomoka, alisaidia kuwatoa wenzake wanne.

"Kusaidia ndiyo nini, baba? Uliokoa!" Akachapa: niliokoa wachimbaji wanne.

Baba Kasonde akamshika mkono. "Futa, mama. Walikuwa wameshakufa."

Mwanamke akafuta, akauliza kwa sauti ambayo sisi kwenye foleni hatukuwahi kuisikia kwake, "Sasa niweke nini?"

"Weka niliwabeba."

"Hilo halimpi mtu kazi, baba."

"Najua."

Mwanamke akalichapa polepole, kwa kidole kimoja.