Jina la Utotoni la Mudi

Yolanda hakuogopa skrini nyeusi. Mwaka 2007 redio yetu ya Magomeni, huku kusini, ilikuwa na sava moja, haina picha wala kipanya. Unaiandikia amri, inatii. Sisi wengine ilitudharau. Yolanda aliandika du kuona nini kimejaza diski, mv kuhamisha mafaili, rm kufuta. Lakini hakufuta kitu kabla ya kuandika ls na kutazama kilichomo.

"Huyu rm hana msamaha," alituambia. "Akishameza, hatapiki."

Siku diski ilipojaa, meneja wetu Anold, mtu wa Iringa na haraka zake, aliagiza vipindi vya zamani vifutwe kabla ya habari za mchana. Ndipo akaingia Zainabu kutoka Msimbati. Mwanawe Mudi alikuwa amekufa maji masika yale. Utotoni aliwahi kuongea kwenye kipindi chetu cha watoto, na mama hakubakiwa hata na picha. Aliitaka ile sauti.

Yolanda akaandika find, amri ya kutafuta, akaweka jina la Mudi. Hakikutokea kitu.

"Haipo," Anold akasema. "Futa."

"Sifuti." Yolanda akamgeukia mgeni. "Mama, alipoongea alikuwa ametoka jando?"

"Bado, mwanangu."

Nilielewa, nikaumia. Kwetu mvulana hutoka jandoni na jina jipya. Lile la utotoni huachwa huko huko porini, na kumwita nalo ni kumtukana. Sembuse marehemu! Sauti ilihifadhiwa kwa jina lile, na Zainabu hakuweza kulitamka. Na find haitafuti usichoitajia.

Yolanda, Mmakua mwenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma, hakumbembeleza. Alisogeza kiti, akamwachia kibodi.

"Usilitamke, mama. Liandike."

Zainabu alijifunza kusoma ukubwani. Akazitafuta herufi kwa kidole, mojamoja. Anold alitazama saa, kisha akaona haya, akaifunika kwa kiganja. Jina lilipokamilika, Yolanda akabonyeza enta. Ukatokea mstari mmoja.

Mwingine angekimbilia kusikiliza. Yeye aliandika cp kwanza, akainakili sauti kwenye flashi, akampa mama aishike. Ndipo akafungulia spika.

"Mimi naitwa Chilumba," mtoto akasema, kwa maringo kabisa. "Namsalimu mama yangu. Mama, shikamoo!"

"Marahaba, baba yangu," Zainabu akaitikia.