Kodi Isiyo na Mkia

Kuna siku moja ya gulio, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natazama chini. Ukungu wa mlima Magamba ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya soko, nami nilikuwa natoka fremu moja ya duka hadi nyingine, karatasi mkono huu, kidau cha wino mkono huu. Nakusimulia kwa sababu nimesikia wenye majengo ya biashara wamekuchagua uwe katibu wao, na wiki ijayo unakwenda Dodoma kuwasemea mbele ya kamati ya bunge juu ya kodi. Hongera. Ila kabla hujafunga mkoba, kaa kidogo. Chai ipo.

Mimi nilikuwa katibu kama wewe. Marehemu baba alikuwa na fremu tano kwenye mteremko wa kushukia stendi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, umoja wa wenye fremu ukanipa kalamu. Kidato cha nne cha wakati ule kilimpa mtu kiburi ambacho digrii yako haijakupa, namshukuru Mungu. Halmashauri ilitaka kupitisha sheria ndogo ya ushuru wa majengo, na ilikuwa sheria mbaya, sifichi hata leo. Ilihesabu milango. Mlango wenye mpangaji na mlango uliofungwa mwaka mzima kwa kukosa mtu, yote ilipe sawa. Jengo la tofali kando ya barabara na kibanda cha udongo huko nyuma, sawa vilevile. Tulikuwa na haki ya kulalamika, na haki hiyo ingetutosha.

Lakini mimi nilitaka waraka uwe mzito. Wenye fremu tulikuwa wachache, hatujazi hata safu mbili msikitini. Wengi walikuwa wapangaji. Basi nikaandika juu kwa herufi kubwa, "Sisi wafanyabiashara wa Lushoto tunaomba kodi ipunguzwe," nikatoka kukusanya sahihi.

Umeona nilichokifanya? Kiswahili chetu ni tajiri, lakini hapo kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Anachodai serikali ni kodi, anachodai mwenye nyumba ni kodi. Nilijua hivyo tangu nilipoishika kalamu, na ndiyo maana nikaliacha neno lile peke yake, bila mkia.

Fremu ya tatu ya baba alikuwa amepanga Mama Zaina, fundi cherehani kutoka Gare, mjane, mshonaji wa sare za shule. Baba alikuwa amempandishia kodi baada ya Idi. Nikamwamkia, nikamnyooshea karatasi. Kusoma hakujua.

"Marahaba, mgosi. Ni kodi ipi hiyo mnayoiombea?" akauliza, akiniita bwana kwa lugha yetu ya mlimani.

"Kodi ni kodi, mama," nikamjibu, na nikacheka kidogo.

Akaweka mkasi chini. "Mungu akuzidishie. Kumbe hata wewe umeona baba yako anavyotubana." Akabonyeza dole gumba lake, lenye mafuta ya cherehani, kisha akaenda mwenyewe kumwita kinyozi na wauza kabichi waje watie zao. Hadi adhuhuri karatasi ilikuwa imejaa mbele na nyuma. Ukweli ulinifika mdomoni, nikaumeza. Hakuna aliyenilazimisha, mwanangu. Nilimeza mwenyewe.

Siku ya baraza la madiwani nilisema vizuri mno. Nilisema juu ya milango iliyofungwa, nikasema juu ya kibanda cha udongo, na madiwani wakawa wananiitikia kwa kichwa. Sikujua kwamba wapangaji nao wamekuja, wamevaa nguo za sikukuu, wamekaa nyuma kabisa. Mwenyekiti wa baraza akauliza kama yupo aliyetia sahihi anayetaka kuongeza neno. Mama Zaina akasimama, akajitanda khanga yake vizuri.

"Mimi sina maneno mengi, waheshimiwa. Nashukuru tu huyu kijana, ametuombea kodi ya fremu ishuke. Ilipopanda nilimtoa binti yangu shule. Ikishuka atarudi."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, hebu tueleze. Ni kodi ipi?"

"Ni ushuru wa jengo, mheshimiwa."

"Na ya kwangu?" akauliza Mama Zaina. Aliniuliza mimi, si baraza. Watu wengine wakaanza kucheka, na yeye akaketi taratibu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Nilitega.

Mwenyekiti wetu wa umoja, Mzee Shekigenda, alikuwa ndugu wa babu yangu. Akanyanyuka kwa fimbo yake, akasema, "Waraka huu tunauondoa," na akautwaa mezani kwa mkono wake. Nje, kwenye ngazi, wote wakitusikia, akaniambia, "Mgosi, kuku huitwa kwa mtama. Watu hawaitwi hivyo. Ulikuwa na haki mkononi, ukaiongezea uongo, sasa huna hata hiyo haki." Kisha akanipa karatasi. "Itunze. Siku moja utapata wa kumwonyesha."

Sheria ikapita kama ilivyoandikwa, maana nani angetusikiliza tena? Baba akaugawa ushuru ule juu ya kodi za wapangaji wake. Mwezi haukuisha, Mama Zaina akafunga fremu. Nilikwenda kumsaidia kubeba cherehani hadi kwenye gari la Gare. "Acha, mgosi," akasema, bila hasira yoyote. "Nitabeba mwenyewe." Akajitwika, akaenda. Heri angenitukana. Binti yake hakurudi shule, na mimi nimekutana naye mara nyingi sokoni, ana wajukuu sasa, ananiamkia kwa heshima zote. Ile shikamoo yake inaniuma kila mara.

Basi sikiliza, mwanangu. Sisemi usiende Dodoma. Mwenye jengo naye ni mtu, naye huonewa, na asiyesema hasikiki. Nenda ukaseme. Lakini kila unapoandika kodi, ipe mkia wake: kodi ya pango, kodi ya serikali, hata kama ukurasa utakuwa mrefu. Usihesabu kichwa cha mtu ambaye hakujua anaomba nini. Na kabla hujawaomba wabunge wakupunguzie, waulize hao waliokutuma: tukipunguziwa sisi, wa chini yetu atapata nini? Jibu lao liandike mwanzoni, si mwishoni. Wakikataa kulijibu, warudishie kalamu yao.

Karatasi yenyewe hii hapa, ichukue uiweke mkobani. Wino umefifia, majina mengi hayasomeki. Doa hili la mafuta ndilo dole la Mama Zaina, nalo halijafifia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungulie milango ya wakubwa, akupe ulimi wa kusema neno zima, na siku ukirudi, wapangaji wa mteremko ule waweze kukupokea mzigo.