Nivutie

Fundi wa viatu wa kwetu Ziwani hubana misumari midomoni upande wa kulia na sigara upande wa kushoto, na maneno hupita katikati. Nyundo ikipanda moshi unatoka, ikishuka msumari umeshaingia kwenye soli. Leo kinywa chake kina pamba. Aling'olewa gego asubuhi akarudi kazini moja kwa moja, shavu limefura kama andazi, misumari ameimwaga kwenye kifuniko cha kopo la rangi. Kila akimaliza kugonga, mkono wake wa kushoto unapanda wenyewe hadi mdomoni, unakuta hakuna kitu, unarudi.

Mama Jacklyne, anayeuza chai kando yake, hamwondolei macho. "Fundi, daktari alikwambia ukivuta hilo shimo litafunguka. Utalia kama mtoto."

"Nilimsikia, mama. Nisivute." Sauti ilipita kwenye pamba bila wasiwasi wowote. "Kunusa hajanikataza."

Akachomoa sigara nyuma ya sikio, akaninyooshea mimi niliyekuwa nikingoja kiatu changu, mguu mmoja ndani ya ndara yake. "Wewe unavuta? Basi nivutie. Na upulizie huku."

Nikawasha, nikavuta, nikampulizia. Alifumba macho, na ule mkono uliohangaika tangu asubuhi ukatulia juu ya kiatu changu. Nikavuta tena, na tena. Akafumbua jicho moja.

"Polepole, bwana," akasema. "Mimi sivutangi mbio hivyo."