Miiba Iliyokatwa Kwenye Picha

Kuna siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka chai hunigeukia uchungu mdomoni. Ilikuwa kiangazi, Tana imepungua, imelala katikati ya mchanga kama nyoka aliyeshiba. Mjukuu wangu Ifrah alinishika mkono akaniteremsha polepole mpaka ukingoni, kwenye shamba la migomba la mzee Bakari, nikamwone ndege wake.

Ifrah anasoma chuo hapa hapa Garissa. Baba yake alikuwa kifungua mimba wangu, Mungu amrehemu, na msichana huyu nimemlea mimi kwa maziwa ninayouza sokoni. Ananiita Ayeyo, yaani bibi, kama tunavyoitana sisi Wasomali. Kamera yake alinunuliwa na baba yake mdogo, Bashir, na ina jicho refu kama kibuyu. Anaibeba kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Ndege alikuwa amekaa juu ya mgunga mkavu. Kichwa cheupe pepe, kifua cheupe, mabawa meusi, tumbo rangi ya kahawa iliyoungua. Vitabuni wanamwita furukombe, Ifrah aliniambia. Sisi tulipokuwa wadogo tulimwita ndege wa mto, basi. Hurudisha kichwa nyuma mpaka unadhani shingo itakatika, kisha hulia, na sauti yake inavuka mto inarudi.

"Ayeyo, usikohoe, utamfukuza."

"Mimi nakohoa tangu hujazaliwa. Atazoea."

Tulisimama ndani ya uzio wa miiba. Mtu wa Garissa anaujua uzio huu: matawi ya mgunga yamefungwa kwenye nguzo, yameingia ndani ya maji kwa nusu duara, ili mwanamke achote maji bila mamba kumfikia. Karibu yangu mke wa mzee Bakari alikuwa anajaza mtungi wake. Mara ndege akajitupa kutoka juu, miguu mbele, akayapiga maji, akainuka na samaki anayepapatika. Kamera ikalia kama panzi. Ifrah alipoigeuza kuniona, macho yake yalikuwa na machozi.

Jioni akanionyesha picha kwenye simu. Mwanangu, sina elimu, darasa la tatu niliacha, lakini jicho ninalo. Picha ile ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kila tone la maji unaweza kulishika. Ila kuna kitu sikukiona.

"Uzio uko wapi? Na mke wa Bakari yuko wapi?"

"Nimewakata, Ayeyo. Miiba ilikuwa inaharibu. Watu wanataka kuona mto, si zizi."

Nikacheka. Kesho yake nikaipeleka simu sokoni nikawaonyesha wenzangu wa maziwa. Mmoja akaniuliza, "Mama Bashir, ndege huyu ni wa Garissa au wa Ulaya?" Nikamjibu, "Ni wa Garissa, na mpiga picha ametoka kwenye tumbo langu." Nilitembea siku nzima kama mwanamke mwenye ngamia.

Ifrah aliituma picha mtandaoni. Watu wakaipenda, wakaulizana hapa ni wapi. Yeye hana choyo, akawaambia: kwa mzee Bakari, nenda asubuhi, simama ukingoni, utamwona.

Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja, Mahmud, dereva wa tuk-tuk. Walikuwa wamehamia mjini kutoka Wajir, yeye na mama yake, baada ya ukame kuwamalizia mifugo. Alikuwa karibu kuoa. Alinunua samaki sokoni wa kumrushia ndege, akamchukua rafiki yake wa kumpiga picha, wakaenda.

Sasa sikiliza jambo hili, usilipite haraka. Wajir hakuna mto. Maji yao yako chini ya ardhi, kisimani, na hakuna mnyama ndani ya kisima. Huko miiba ina kazi moja tu: ni zizi, inafungia mifugo. Mahmud alipoufikia uzio wa mzee Bakari, na siku hiyo hakuna mtu ndani, alimwambia rafiki yake, "Hili ni zizi la watu, tusiingie bila ruhusa." Alikuwa na adabu. Akasogea pembeni, palipo wazi, pale hasa panapofanana na picha. Akaingia maji ya magoti, akainua samaki.

Rafiki alisema hakuona mamba. Aliona maji yamevimba, kisha hakuona Mahmud.

Walimpata siku iliyofuata, chini kidogo. Nisikuambie walichokipata.

Mjini watu walisema yale ambayo watu husema. Wengine, ajali haina kinga. Wengine, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nani alimtuma kuingia mtoni? Methali hiyo nilikuwa naipenda. Siku ile niliichukia, maana nilijua mwiba ule Mahmud hakujidunga. Ulikatwa ili asiuone.

Ifrah alikaa jikoni kwangu, mgongo ukutani, hali chakula. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi niliyaona yamejikunyata karibu na jiko langu, yamefunga shungi. Mwishowe akasema, "Ayeyo, nataka kwenda kwa mama yake nimwambie."

Bashir alikuwa amekuja kututazama. Bashir si mtu mbaya, ila ana kichwa cha mfanyabiashara. Aliweka kikombe chini.

"Umwambie nini?"

"Kwamba niliutoa uzio."

"Sikiliza, binti yangu. Mamba hana ukoo. Leo mama yule analia na Mungu wake, na mambo yamekwisha. Ukifungua mdomo, umempa mamba ukoo, na ukoo huo ni wetu. Wazee wataitwa, watakaa chini ya hema, wataulizana habari ya diya, mifugo mingapi ilipwe kwa damu. Kwa picha? Nyamaza. Ifute tu."

Ifrah akanitazama mimi. Bashir naye akanitazama. Na hapo, mwanangu, aliyenijia si mtu aliye hai. Alinijia babu yangu.

Nilikuwa msichana wa mbuzi, matiti bado hayajatoka. Tulikuwa tumepiga kambi mbali na mto, na kila baada ya siku chache tuliwashusha mbuzi wakanywe. Huko ndiko nilikompenda ndege wa mto. Ningeweza kumtazama mpaka mbuzi wote wapotee. Nilitamani kambi ihamie karibu nimwone kila asubuhi. Basi siku moja babu alipoketi kuniuliza habari, kama desturi yetu, nikaona mlango umefunguka.

Kwetu habari si maneno ya kupita. Mtu akirudi kutoka safari, anaketishwa, anapewa maziwa, anaulizwa: umeona nini? Wewe unasema, mwenye kusikiliza anaitikia, kisha anauliza, na kingine? Unasema tena. Kambi nzima itahama au itabaki kwa maneno yako. Basi nikamwaga habari. Majani mabichi yapo. Kivuli kipo. Maji yapo karibu.

"Na kingine?"

"Upepo mzuri, Awowe."

"Na kingine?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeziona nyayo za simba kwenye tope, kubwa kama sahani, mbichi. Mdogo wangu, aliyekuwa nami, akasema taratibu, "Na nyayo."

Babu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliondoa kibuyu cha maziwa mbele yangu, akampa mdogo wangu, akasema, "Wewe umeniletea majani bila simba. Habari nusu ni mbaya kuliko uongo, kwa sababu mwongo watu humtilia shaka, mwenye habari nusu watu humfuata. Anayekuja nyuma yako hukanyaga maneno yako kabla hajakanyaga ardhi." Kisha akaondoka. Kwa muda mrefu hakuniuliza habari tena. Nilikuwa nikirudi kutoka mtoni ananipita kama kigogo, anamuuliza mdogo wangu. Aibu ile naijua ladha yake mpaka leo.

Nikawasimulia Ifrah na Bashir, pale pale jikoni. Nikamwambia Bashir, "Wazee wakiitwa, waitwe. Hema nitalishona mimi." Kisha nikamwambia Ifrah, "Vaa. Usiifute. Chukua ile picha nzima."

Nyumba ya taazia ilikuwa chumba kimoja na ua wa mabati. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanasoma Kurani. Mama yake Mahmud anaitwa Halima, mwembamba, mikono ya mtu aliyekama ngamia maisha yake yote. Tulimpa mkono wa pole. Ifrah alipiga magoti mbele yake.

"Mama, ile picha ya ndege mtandaoni, mimi ndiye niliyeipiga."

"Najua picha hiyo," akasema Halima. "Mwanangu alinionyesha."

"Ilikuwa na uzio. Nimekuja nao." Mkono wa Ifrah ulikuwa unatetemeka, nikaishika simu pamoja naye. Kwenye picha ile nzima, miiba imekaa pembeni kama ukuta, na mke wa Bakari yuko ndani na mtungi wake. "Watu husimama humu. Nje hakusimamwi, kuna mamba. Mimi niliukata."

Halima akaishika simu karibu na macho.

"Kwa nini uliukata?"

"Ili picha iwe nzuri."

"Ikawa nzuri?"

Nikatamani ardhi inimeze mimi, Ifrah abaki.

"Ikawa nzuri," Halima akajijibu mwenyewe. "Asubuhi ile aliniambia, Hooyo, tazama mahali hapa, nikioa nitamleta mke wangu tupigwe picha. Kwetu mama huulizwa kabla mtoto hajaenda njia asiyoijua. Nikatazama vizuri. Nikatafuta cha kumkataza. Sikukiona. Nikamwambia, nenda." Akamrudishia Ifrah simu. "Tangu siku ile najiuliza jicho langu lilikuwa na nini. Kumbe halikuwa na kitu."

Ifrah akalia, akasema, "Nisamehe, mama."

"Nimesikia," Halima akasema. "Habari yako nimeipokea yote. Sasa nendeni."

Hakusema nimekusamehe. Wala hakusema sitakusamehe. Utasoma vitabuni watu wakikumbatiana mwishoni. Sisi tulivaa viatu vyetu tukatoka.

Wazee waliitwa kweli, kama Bashir alivyosema, wakakaa, wakazungumza. Halima aliwatumia neno kwamba hatapokea mnyama wa mtu kwa ajili ya mwanawe, na shauri likafungwa. Bashir akashukuru Mungu. Mimi sikushukuru. Anayepokea diya amekubali kwamba kitu kinaweza kuisha. Halima hakutaka kiishe, na ni haki yake. Nikikutana naye sokoni nampa salamu, ananiitikia kwa adabu, kisha ananunua maziwa kwa mwingine.

Ifrah aliiondoa picha ya kwanza, akaweka ile nzima, miiba na yote, na maneno chini yake: hapa mtu amekufa, simama ndani. Waliopenda walikuwa wachache. Waliotukana hawakukosa. Kamera imelala ndani ya shuka juu ya kabati langu. Siku nyingine namwona anaitazama bila kuigusa, na mimi simwambii ishike wala usiishike. Ndege yupo bado, nasikia. Anavua samaki wake. Yeye hakukata chochote.

Mwanangu unayesoma haya, sikukatazi kupenda kizuri. Nilimpenda ndege yule kabla yako. Tazama, piga picha, simulia, wape watu. Ila jua kwamba siku hizi kila mmoja wenu ni mpeleka habari, na kambi mnazozihamisha hamzioni. Ukionyesha mto, onyesha na miiba yake. Ukisifu njia, taja na shimo. Ukimpeleka mtu kwa mchumba, kwa kazi, kwa mji wa mbali, mpe na lile linaloharibu picha. Anayekuja nyuma yako huenda ametoka mahali pasipo mto. Ana adabu, hataingia penye miiba ya watu. Atasimama pale ulipomwonyesha.

Na ukishakosea, usingoje uulizwe. Mficha uchi hazai. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, useme yote, hata kama utakayemwambia hatakupa neno la kukupoza. Hukuenda kutafuta la kukupoza. Ulikwenda kumwondolea mama lawama aliyojitwika bila haki.

Mungu akupe jicho linaloona kizuri, na ulimi usiokipunguza wala kukizidisha. Akuepushe na kusikia kwamba mtu alikuamini akafa. Na siku ukibeba habari nzito kuipeleka kwenye nyumba ya watu, akupe mkubwa wa kuishika simu pamoja nawe mkono ukitetemeka. Amin.