Mke wa Kaisari Kutoka Gikomba

Enzi zetu pale mtaa wa Jericho, Nairobi, sufuria ndiyo iliyokuwa sura ya nyumba. Jumamosi asubuhi ungetukuta wasichana tumechuchumaa penye mfereji, tunasugua kwa jivu na mchanga, kisha tunazianika juani ili majirani waone kwamba hapa kuna watoto waliolelewa. Siku hizi mabinti zetu wanaosha vyombo kwa povu na glavu, wakiogopea kucha. Huwa nawacheka, lakini laiti nami ningekuwa mvivu hivyo.

Mama alikuwa akiuza makoti ya mitumba Gikomba. Sheria ya soko ilikuwa kwamba chochote kilichosahaulika mfukoni ni cha aliyefungua furushi: leso, vifungo, tiketi za treni za Ulaya. Siku moja alikuja na sarafu ndogo nyeusi aliyoitoa ndani ya bitana ya koti. Ilikuwa na kichwa cha mwanamke aliyetazama upande, nywele zimesukwa na kuzungushwa utosini kama kata ya kubebea maji. Mwalimu wetu wa historia aliigeuzageuza, akasema ni ya Roma ya kale, na huyo alikuwa mke wa Kaisari mmojawapo.

Dada yangu mkubwa, Njeri, ndiye aliyekuwa msusi wa mtaa. Aliiweka sarafu pajani, akajisuka vivyo hivyo mbele ya kioo chetu kilichopasuka. Haukupita muda, kila msichana alitaka kusukwa Mke wa Kaisari. Tulipanga foleni ngazini tukitafuna mihogo ya kukaanga. Mama alisema ukimtazama Njeri kwa upande, yeye na yule mwanamke ni mapacha. Mpiga picha alipita mtaani kila Jumapili, lakini Mama alitaka tungoje Krismasi, tupigwe picha tukiwa na nguo mpya.

Njeri hakufika Krismasi. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi akafa. Tulimzika na zile nywele.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Kila jioni Mama aliiweka sarafu kiganjani, akaielekeza dirishani, akamtazama binti yake. Nami nilikuwa mtoto, nilitaka kumfurahisha. Jumamosi moja nikaipeleka mferejini pamoja na sufuria. Nilisugua kwa jivu, nikasugua kwa mchanga, mpaka ikang'aa. Nilipoisuuza, yule mwanamke hakuwapo.

Nilingoja kichapo. Mama aliigeuza upande huu na ule, kisha akasema, "Wacha tu, Shiku. Hata mimi nilikuwa nimeanza kumsahau."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka naye tukamzika.

Sasa binti yangu hujipiga picha arobaini kabla ya kula chipsi. Juzi nilimsimulia habari ya ile sarafu, akatafuta kwenye simu, akapata zinazofanana na niliyomweleza. Akanisomea kwamba nyingine zilitengenezwa mke akiwa amekwisha kufa, mumewe asitake asahaulike.

"Mathe, hizi ziko mob," akasema, akinionyesha sarafu tele kwenye kioo cha simu. "Naweza kukununulia ingine."

Nikamwambia aache. Vidole vya Njeri bado navisikia kichwani, jinsi vilivyovuta nywele mpaka machozi yakanitoka. Uso wake ndio siupati. Nikifumba macho kumtafuta, anayekuja ni yule mke wa Kaisari.